Mbio za Boti Chini ya Usawa wa Bahari

Tukielekea ziwa la Salton Sea, California, kutoka Los Angeles tulishika barabara ya mashariki mpaka mji wa Indio, kisha tukakata kusini. Huko ni mitende tu kushoto na kulia, yenye tende za aina ya Deglet Noor, na mji wa mwisho kabla ya ziwa unaitwa Mecca. Mwenzetu kijana wa Tanga akang'ang'ania tusimame apigwe picha kwenye kibao. Haya, tukasimama.

Salton Sea si bahari, ni ajali. Mwaka 1905 Mto Colorado ulivunja mfereji wa umwagiliaji, ukamwagika jangwani mpaka 1907, maji yakatuama bondeni, mita 70 hivi chini ya usawa wa bahari.

Shimo hilo ndilo lililowavuta wapenda mbio. Huku chini hewa ni nzito, kwa hiyo injini ya kabureta huvuta hewa nyingi zaidi na kupata nguvu. Maji ya chumvi nayo huielesha boti juu juu, ubao ukagusa maji kidogo tu. Basi tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 watu walivusha jangwa boti zao za mbao, wakaja kusaka rekodi.

Ila shimo halina pa kutolea maji. Yanayoingia mengi hutoka mashambani yakiwa na chumvi na mbolea. Jua hunywa maji, chumvi ikabaki. Sasa ziwa limepita bahari kwa chumvi, tena kwa mbali.

Kwenye ufuko wa kaskazini, North Shore, tulikuta klabu ya boti ya mwaka 1959, kazi ya msanifu majengo Albert Frey, ina madirisha ya duara kama meli. Imekarabatiwa, inapendeza kweli. Bandari yake ndogo imekauka. Ufukweni tulikanyaga miba ya perege, samaki mwenye asili ya Afrika aliyeletwa huku akazaana, kisha akawa anakufa kwa mamilioni oksijeni inapopungua majini. Harufu sitaieleza.

Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alituambia kuwa utotoni alizijua boti zilizokuwa mbioni kwa ngurumo zao, kabla hazijaonekana. Nikamuuliza kama leo mtu anaweza kushusha boti hapa. Akatazama mteremko wa zege, akatazama maji yalivyo mbali.

"Anaweza," akasema, "akiibeba kichwani."