Feni ya hita ya gari: namba 1 mpaka 3 zimerudi

Mwezi wa sita Njombe bila hita asubuhi huendeshi, unafuta ukungu kwenye kioo tu. Yangu feni ilibaki namba 4 peke yake, 1 mpaka 3 kimya kabisa, yaani ama kimbunga ama hamna kitu. Fundi mmoja akaniambia blowa nzima (feni na mota yake) imekufa, niandae laki na nusu. Sasa mota iliyokufa inavumaje kwenye namba 4? Namba 4 umeme unaenda kwenye mota moja kwa moja, hizo za chini ndo zinapitia kwenye rezista, kile kifaa cha kupunguza umeme unaofika kwenye mota, kwa hiyo nikaanza na rezista.

Jumamosi

Nimechomoa waya mweusi wa betri, nikatoa droo ya dashibodi upande wa abiria, unazibana mbavu zake mbili inashuka yenyewe. Kule ndani kuna boksi la plastiki la kupitisha upepo na rezista imepachikwa ubavuni, skrubu mbili na plagi basi. Skrubu ya nyuma huioni, unaipapasa tu, bila bisibisi fupi yenye sumaku utatukana sana. Imetoka: koili zake, zile waya zilizojiviringisha, zimeshikwa na vumbi la kahawia, hafu katikati kuna kafyuzi kadogo ka joto, kamekatika. Mita ya umeme inasoma koili zote vizuri, omu chache tu, ila kwenye kafyuzi haisomi kitu.

Kuna watu hapo wanakaruka hako kafyuzi kwa kuunga kipande cha waya maisha yanaendelea, mi sifanyi. Koili zinachemka kweli ati, ukiweka namba 1 tuseme zinapita ampea 4 na koili zinakula volti 6, hizo ni wati 24 za joto, kama pasi ndogo ya kusolda imewashwa nyuma ya plastiki ya dashibodi! Ndo maana wameiweka kwenye njia ya upepo, feni inajipozea rezista yake yenyewe, na upepo ukipungua kafyuzi kanajitoa mhanga kabla waya hazijaungua.

Basi kwa nini upepo ulipungua? Filta ya AC, iko hapohapo nyuma ya droo, nimeivuta imejaa sindano za mipaini na vumbi jekundu, ukiishikilia kwenye mwanga haupiti hata kidogo. Na mota nayo nimeishusha, skrubu tatu, nikaizungusha kwa mkono, inaenda ila nzito, na mota nzito inavuta ampea nyingi kwa hiyo koili zinazidi kuchemka. Ningefunga rezista mpya bila kugusa hivi viwili ingekuwa hela ya kuchoma.

Jumapili

Rezista ya mtumba nimepata kwa elfu 20, nimeipima na mita palepale dukani kabla ya kulipa. Plagi ya zamani pini moja ilikuwa imeyeyusha plastiki, nikachukua na plagi yenye mkia wa waya, nimeunga kwa kusolda nikavalisha mpira wa kuunguza, ule unaosinyaa ukipata moto. Filta mpya, feni nimeipiga brashi, kishafti tone moja la oili. Betri imerudi, 1, 2, 3, 4 zote zinajibu, kioo kinasafika kabla sijatoka getini.

Kwenye namba 1 kuna kamlio bado, bushi za mota hizo, zile zinazoshika kishafti. Nimeshaulizia mota ya mtumba, wakishusha mzigo naibadili.