Uzi wa koki ya petroli ukiliwa kwenye tangi la pikipiki ya zamani

Koki za pikipiki za Uingereza za zamani, Triumph, BSA na Norton, kwa kawaida hufungwa kwa uzi wa BSP, yaani uzi wa bomba wa Kiingereza, wa robo inchi. Jina lisikupotoshe: pima nje kwa venia utapata takriban milimita 13.16, na nyuzi 19 kwa inchi. Wa Kimarekani, NPT, una nyuzi 18. Huingia mizunguko miwili, kisha hukaza na kutafuna kitako cha tangi, yaani kile kipande cha chuma chini ya tangi chenye tundu la koki.

Uzi huu ni mnyoofu, hauchongoki. Kwa hiyo hauzuii petroli. Kazi yake ni kuvuta koki juu. Kinachozuia ni washa, ile pete bapa kati ya koki na kitako, iwe ya faiba au ya chuma yenye ukingo wa mpira ndani. Ndiyo maana tepu nyeupe ya mafundi bomba haifai: vipande vyake hukatika na kwenda kuziba jeti za kabureta. Silikoni ndiyo mbaya zaidi, maana petroli huivimbisha hadi ibanduke.

Anza na koki. Ni ya shaba ya njano na kitako ni chuma, hivyo shaba huliwa kwanza. Funga koki mpya kwa mkono. Ikitulia bila kucheza, kitako ni kizima. Sugua tu uso wake uwe bapa, maana mkwaruzo mmoja hupitisha tone.

Kitako kikiwa kimekufa, wengi hukimbilia uzi wa waya wa kupachika, yaani koili inayoingizwa kwenye tundu lililopanuliwa iwe uzi mpya. Mimi siupendi hapa. Mdomo wa tundu hupanuka hadi karibu milimita 15, na ukingo wa mpira hukosa pa kukalia. Afadhali bushi: nje BSP ya inchi 3/8, ndani robo. Kitako kiwe na kipenyo cha milimita 20 au zaidi. Toboa kwa biti ya 15.25, kisha kata uzi kwa tapu iliyopakwa grisi ili inase chenga. Bushi ipakwe epoksi inayostahimili petroli na ethanoli, kwenye chuma kisicho na mafuta hata chembe, kwa sababu kiungo chake kiko nje ya ukingo wa mpira na washa haitakiokoa. Ikauke siku nzima, ndipo upige tupa uso uwe sawa.

Usilehemu. Tangi lililokauka bado lina mvuke, nao hulipuka. Hata kwa drili ya umeme, lisuuze kwanza kwa maji ya moto na sabuni.

Nyuzi nyingi hufa kwa sababu mtu alilazimisha mkono wa koki utazame upande autakao. Mzunguko mmoja ni milimita 1.34; ukihitaji robo zaidi, mpe fundi wa kukereza apunguze bega la koki milimita 0.33.

Jaribu kwa mafuta ya taa, ambayo hayakauki upesi kama petroli, hivyo doa hubaki. Tandika gazeti chini, liache hadi asubuhi.