Miaka miwili ya kuuliza "lini"

Watu wakisikia nilikuwemo Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Idi Amin wa Uganda, wanataka habari za mizinga. Wanataka mapigano ya Lukaya, wanataka ile siku tuliyoingia Kampala. Hayo yana wasimuliaji wengi. Mimi kilichokaribia kunivunja ni kusubiri kurudi.

Kampala tuliichukua tarehe 11 Aprili 1979, Jinja tarehe 22. Kufika mwanzoni mwa Juni wenzetu walikuwa wameshagusa mpaka wa Sudan, hakuna tena wa kukimbizana naye. Tukasema basi, ni kufunga mabegi. Kikosi chetu kikabaki Jinja, upande wa bwawa la Owen Falls, na kila jioni mtu alimwendea sajini: "Afande, lini?" Naye akijibu vilevile: "Ukisikia filimbi."

Kosa langu la kwanza nililifanya mapema. Nilimwandikia mke wangu Nzega kwamba mvua za kwanza zitanikuta nyumbani. Baba akatenga beberu. Mvua zikanyesha, mahindi yakapandwa, na Januari ikanijia barua ya mdogo wangu: "Kaka, yule beberu tumemchinja Krismasi. Nyama ilikuwa nzuri." Nilicheka mbele za watu. Usiku sikulala.

Jambo lenyewe halikuwa mikononi mwa sajini. Uganda ilikuwa haijatulia, na sisi ndio tuliokuwa tumeishikilia. Rais Lule alikaa siku 68 tu. Akaja Binaisa, naye Mei 1980 akaondolewa, ikashika Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga. Halafu tukaambiwa tusubiri uchaguzi wa Desemba. Kambini tuliacha kuhesabu miezi, tukawa tunahesabu marais. Kila rais akianguka, na begi langu linarudi chini ya kitanda.

Wenyeji walituita bakombozi, na mwanzoni neno hilo lilikuwa tamu. Kulikuwa na mama mmoja muuza ndizi karibu na kizuizi chetu ambaye mwaka ule wa kwanza hakukubali hela ya askari. Ndiye aliyenicheka niliposema nasubiri posho, kwa kuwa kule posho ni ugali, akanionea huruma kwamba sijala. Ndiye pia aliyenipa mbegu za mchicha nilizopanda nyuma ya nyumba iliyoungua, matuta manne, nikiyamwagilia kwa dumu asubuhi na jioni. Mwaka wa pili hela akawa anapokea, na alikuwa na haki. Siku moja akinirudishia chenji akauliza, kwa upole kabisa: "Sasa nyinyi bakombozi, mutarudi kwenu lini?" Nikamwambia, mama, hata mimi ndilo swali langu.

Mchicha ulinisaidia mikono. Kichwa kilisaidiwa na barua. Wenzangu wengi walijua kusoma, ila kalamu ilikuwa inawapiga chenga, au waliona haya kumwandikia mke maneno ya mapenzi kwa mwandiko wa kuparura. Wakaanza kuniletea karatasi. Malipo yalikuwa sigara mbili, nami sivuti, nikabadilisha na sabuni. Nilijiwekea sheria: sitaji mwezi wa kurudi katika barua ya mtu yeyote. Koplo mmoja aligomba, akataka niandike "Pasaka nitakuwa hapo". Nikampa kalamu aandike mwenyewe. Akakaa nayo weee, mwisho akairudisha: "Andika basi kwamba nipo mzima."

Kwa kuandika barua za wengine nilizijua habari za nchi nzima. Mwalimu alikuwa ametuomba miezi 18 ya kufunga mkanda, na mkanda ulifungwa kweli. Songea hakuna chumvi, Same hakuna khanga, kwetu wanafulia majani ya mpapai. Na wote waliamini huku tunaogelea kwenye mali. Niletee redio. Niletee baiskeli. Shemeji yangu aliagiza saa ya mkononi akanichorea na mshale ikae wapi. Wapo waliorudi na redio, siwasemei walizipataje.

Mke wangu hakuagiza kitu. Alikuwa amejifungua binti Februari 1979, wiki zile Masaka inaanguka, na habari zilinifikia nikiwa Jinja tayari. Picha haikuwepo, mpiga picha alikuwa mjini na nauli ya kwenda mjini ilikuwa shida. Basi akaweka mguu wa mtoto juu ya karatasi, akauzungushia kalamu, akanitumia. Mguu mdogo, kidole gumba kimechomoza kama njugu. Niliupima kwa njiti za kiberiti: mbili na nusu. Barua ya miezi minne baadaye, njiti tatu. Nyingine, tatu na robo. Nilizibandika ukutani kwa uji wa unga, na yule koplo mgomvi akawa anapita asubuhi kuukagua ukuta kana kwamba ni gwaride: "Huyu anakua, bwana."

Mei 1981 ndipo uvumi ulipoacha kuwa uvumi. Nikachukua mchoro wa mwisho, njiti nne, nikampelekea mzee fundi viatu pale sokoni. Ngozi ilikuwa adimu. Akapasua mkoba mwekundu wa kike uliochakaa, akaweka soli ya tairi, nusu siku gundi inanuka hadi barabarani. Akaniuliza kama mtoto ni mnene. Sikuwa na jibu. Mtu ameniuliza habari za mwanangu na mimi namwonyesha karatasi.

Filimbi ilipolia, Juni, sikukimbia kama nilivyodhani ningekimbia. Nilimwagilia mchicha kwanza, nikamwambia yule mama matuta ni yake. Malori yakatupitisha Masaka na Mutukula, tukavuka mto pale Kyaka ambako askari wa Amin walilipua daraja Novemba 1978, mpaka Bukoba. Meli usiku hadi Mwanza, treni mpaka Isaka, na mwisho lori la mtu, juu ya magunia.

Nyumbani vigelegele vilikuwepo, beberu mwingine alikuwepo, baba amezeeka kuliko nilivyojiandaa. Binti alikuwa nyuma ya kanga ya mama yake. Nikatoa viatu. Vilikuwa vikubwa! Mke wangu akashika mdomo akicheka. Mtoto alikuwa hatulii, kumbe kila mara kalamu ilipita mbali na mguu. Kwa muda wote ule nilikuwa nalea mguu wa hewa.

Kwetu pamba haikosekani. Tukazijaza ncha za viatu, akavaa, akaanza kuzunguka uwanja, pwata, pwata, kuku wanamkimbia. Kwangu hakuja. Jioni, watu wamepungua, nikamsikia jikoni anamnong'oneza mama yake, akinionyesha kwa kidole:

"Mama, huyu anaondoka lini?"