Udongo wa Mtito Andei

Jana dukani mwanangu aliniuliza kwa nini ninanusa turubai kabla ya kulinunua, nami nikashindwa kumjibu papo hapo, kwa sababu harufu ile ya plastiki iliyopigwa na jua ilikuwa imekwisha kunirudisha kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, ndani ya Probox ya Mjomba, pamoja na mbwa wetu wawili, Duma na Pili.

Mabasi yalikuwa yamewakataa mbwa, na mwenye lori alitaka wasafiri juu ya mizigo. Mjomba, ambaye mbwa hajapata kuvuka kizingiti cha nyumba yake, alijitolea mwenyewe kutupeleka kwa sharti moja tu: udenda wao usiguse kiti cha nyuma, ambacho ndicho alichozoea kuwekea mswala wake. Sisi Waislamu wa Pwani, tulio wengi wetu wa madhehebu ya Shafii, tunalijua sharti hilo. Kikavu kikigusa kikavu hakuna neno, lakini penye majimaji ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nani ataosha sponji ya kiti mara saba?

Basi turubai akalifunga kwa kamba kwenye viegemeo vya kichwa vya mbele na vya nyuma, likaning'inia na kuziba nafasi ya miguu, ili mbwa wasitumbukie humo breki zikikanyagwa ghafla. Nilidhani tumemaliza. Akasema turubai tupu huteleza, na mbwa anayeteleza hukaza kucha hadi alitoboe, kwa hiyo juu yake tukatandika blanketi kuukuu la kunyonya maji na kuwapa mahali pa kushikilia. Milango akaibandika makatoni kwa ajili ya kucha za Pili. Usiku wa kuamkia safari aliwanyima chakula, akawaachia maji tu.

Mariakani tulipita, Voi tukapita.

Kabla ya kufika Mtito Andei, Duma akaanza kulamba midomo na kumeza mate mfululizo. Kisha udenda ukamtoka, mwembamba na mrefu, ukinyooka, ukikatika, ukianza upya. Mjomba aliuona kwenye kioo. Akaegesha kando bila kusema kitu, akafungua mlango wa nyuma na, nikiwa bado nahangaika na mkanda wangu, akamkinga Duma kidevu kwa kiganja kitupu, mkono wa pili ukimshika kisogo kama mtu anayemtapisha mtoto, akamvuta taratibu hadi kichwa kikawa nje. Duma akatapika povu la manjano, nusu ikaanguka chini na nusu ikamteremkia Mjomba hadi kwenye kiwiko, naye hakuuondoa mkono. "Pole, baba, pole," alikuwa akimwambia.

Alipokwisha, alinionyesha dumu la maji ya mbwa, kwani hatukuwa na jingine. Akachota udongo mwekundu wa pale, akausugua mikononi huku mimi namtilia maji, akihesabu kwa sauti, malori yakitupita na kututikisa kwa upepo. Mahali fulani baada ya nne akasita, akaniuliza tumefika ya ngapi. Sikuwa na hakika. Akainama, akachota udongo mwingine, akaanza upya.

Nairobi tulipofunua blanketi na turubai, kitambaa cha kiti kilikuwa kikavu kabisa. Nimejiuliza mara nyingi sharti lile lilikuwa la kukinga nini, ikiwa mkono alikuwa tayari kuutoa bila kufikiri, na kila jibu ninalolipata huniridhisha kwa siku chache tu.

Nywele ndizo zilizotushinda. Baadaye alinipigia simu kwamba amezikuta kwenye zulia la buti na katika matundu ya mikanda, ambako turubai halikufika. Nikamwambia dawa yake ni glavu ya mpira: unailowesha kidogo, unapapasa, nazo zinajikusanya zenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, kwa upole sana, kama haiwezi kufanya kazi hiyo ikiwa kavu.