Siku yangu moja: folda imezidi diski yenyewe

Saa 2 asubuhi nimefika ofisini, hapa Dar, chai haijapoa diski ya seva iko asilimia 94. Dogo wetu wa field ananifuata, kaka nimeandika skripti ya Python ya kupima kila folda ila inakufa.

Saa 3. Inasema faili haipo. Hili linawapata wengi wanaoanza, os.walk, ile inayopita kila folda, inakupa jina tupu la faili bila njia yake, ukilipeleka hivyohivyo kwa getsize, inayopima ukubwa, inalitafuta pale ulipoiwashia skripti, wapi! Nikamwambia unganisha kwa os.path.join, kibodi sikugusa kabisa maana nilitaka aandike yeye.

Saa 4 ikakwama tena. Simlinki, yaani kiungo kinachoelekeza tu kwenye faili nyingine, na hiyo faili nyingine ilishafutwa, na getsize huwa inafuata simlinki mpaka mwisho. Tukahamia os.lstat, inayosoma simlinki yenyewe bila kuifuata.

Saa 6 ikamaliza, afu ikasema folda moja ina GB 71. Diski nzima ni GB 50! Tukapitia jumla mstari kwa mstari, iko sawa, du, amri ya seva ya kupima nafasi, nayo inasema GB 18. Wali maharage nimekula huku nawaza hiyo tofauti tu.

Saa 8 tukapanga faili kwa ukubwa na hapo ndo tukaiona, imeji ya mashine pepe ya wahasibu, yaani faili moja lililobeba diski nzima ya kompyuta ya kuigiza, urefu GB 60 ila kwenye diski imekula GB 7, yaani ina mashimo, sehemu ambazo hazijawahi kuandikwa chochote hazichukui nafasi. st_size inasoma urefu, ukitaka nafasi halisi chukua st_blocks, idadi ya vipande vya baiti 512 ambavyo faili imechukua, uzidishe kwa 512. Dogo akabadilisha mstari mmoja ikatoka GB 18, kaka ina maana tungeifuta hii kwa kuamini namba? Ndiyo, na mahesabu ya watu yangeondoka nayo, hiyo ndo inaniuma mpaka sasa.

Saa 9 mwenye makosa kajulikana, bakapu za databesi GB 21, zinaongezeka kila usiku na hakuna anayezipunguza. Tumebakiza za siku tatu, GB 18 zimetoka, diski asilimia 58.

Saa 11 tunafunga, dogo bado kakaa, ananiuliza, faili moja ikiwa na majina mawili je? Nikamjibu, skripti yako itaihesabu mara mbili, du mara moja. Akafungua laptop tena.