Kuhesabu samaki bila kukausha bwawa: yaliyonikuta Panyimur

Bwawa letu liko nyuma ya Panyimur, Uganda, mwendo wa miguu kutoka Ziwa Albert. Kikundi kina wavuvi wa zamani, Waalur wa huku na wengine waliovuka kutoka Kongo, na mikutano yetu huendeshwa kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Tulipanda vifaranga 2,000 vya ngege, wale ambao Watanzania huwaita sato. Baada ya miezi kadhaa ikazuka hoja: wamebaki wangapi? Mmoja alisema wamejaa tele, mwingine akaapa kwamba mzee anayelinda usiku anawauza. Kukausha bwawa haikuwezekana. Kiangazi kilikuwa kimeanza na maji ya kulijaza tena hatukuwa nayo.

Nilikuwa nimejifunza njia ya kutia alama na kukamata tena, nikajitolea. Wazo lake ni jepesi. Ukitia alama samaki kadhaa, ukawarudisha wakachanganyika na wenzao, sehemu ya wenye alama utakayoikuta katika mavuno ya pili inafanana na sehemu yao katika bwawa zima. Mdenmark Petersen aliitumia kwa samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Mmarekani Frederick Lincoln akaitumia kwa bata wa Marekani mwaka 1930.

Tulianza alfajiri, kwa sababu maji yakipata joto samaki aliyeshikwa huchoka upesi. Tulitumia wavu wa kukokota, ambao ziwani umepigwa marufuku lakini kwenye bwawa lako ni kifaa cha kazi. Mikono ilowane kwanza, usimtoe samaki ute wake, maana huo ndio ngozi yake ya pili. Kwa mkasi safi nilikata ncha ndogo ya pezi la mkia. Pezi huota tena, kwa hiyo alama hiyo ni ya wiki chache tu, na kwetu ilitosha. Tulichukua wenye urefu wa kiganja na zaidi. Wadogo wanaopenya kwenye matundu ya wavu hawamo katika hesabu hii hata kidogo, na hilo nililisema mapema.

Tulitia alama samaki 140, tukawalaza usiku mmoja katika kizimba cha chandarua. Asubuhi 6 walikuwa wamekufa. Msiruke hatua hii: kama ningewaachia palepale, ningehesabu maiti kama hai. Wakabaki 134, tukawafungulia kwenye kona ya kulishia.

Kosa langu lilikuja kesho yake. Nilivuta wavu kona ileile. Tukapata 90, kati yao 30 wana alama. Hesabu ni waliotiwa alama mara waliokamatwa, gawanya kwa wenye alama kati yao. Tunaongeza moja kwenye kila idadi, kisha tunatoa moja mwishoni, ili hesabu isipotoke wanapopatikana wachache: 135 mara 91, gawanya kwa 31, toa 1. Jibu, 395.

Nililisoma mbele ya kikundi. Kimya. Halafu yule aliyeapa akamgeukia mlinzi: “Mzee, elfu moja na mia sita wamekwenda wapi?” Mzee hakujibu. Alivua kofia, akaishika mkononi. Usiku ule sikulala. Nambari yangu ilikuwa inakaribia kumfukuzisha mtu kazi, na nilijua sikuwa nimewapa samaki nafasi ya kuchanganyika. Wenye alama walikuwa bado wamesongamana pale nilipowaachia, nami nikaenda kuwavua palepale. Wakizidi wenye alama katika wavu, kadirio hushuka.

Niliomba siku nane. Mwenyekiti akaniuliza, “Mwalimu, una hakika?” Nikamwambia sina hakika ya jibu, nina hakika ya kosa. Safari hii tuligawa bwawa sehemu sita, tukavuta wavu kila sehemu, penye majani na penye kina, na samaki waliokamatwa tukawaweka ndooni mpaka mwisho ili asihesabiwe mmoja mara mbili. Tukapata 168, wenye alama 17. 135 mara 169, gawanya kwa 18, toa 1: kama 1,266.

Sikukubali waandike nambari hiyo peke yake. Kwa wenye alama 17 tu, wigo wake, yaani mipaka ambamo huenda idadi ya kweli imo, ni mpana: kutoka kama 765 hadi 1,770. Wengine walilalamika kwamba huo si usemi wa mtaalamu, lakini kwangu kuficha wigo ni kusema uongo. Na hata ncha yake ya chini ni karibu mara mbili ya ile 395. Waliopungua wana maelezo mengine: vifaranga hufa baada ya kupandwa, na mnandi na fisi maji hawalipi.

Faida ya haraka ilikuwa chakula. Tulikuwa tukilisha kama wote 2,000 wapo: gramu 150 kila mmoja, asilimia tatu ya uzito, kilo 9 kwa siku. Kwa 1,266 ni chini kidogo ya kilo 6. Kilichozidi kilikuwa kinaozea chini na kula hewa ya maji.

Mzee alirudi kwenye zamu yake. Tulipovuta wavu mara ya pili, yeye ndiye aliyeshika daftari, na kila nilipotaja samaki mwenye alama alirudia kwa sauti kabla ya kuandika.