Lo sizoni ilivyonitoa Moshi ikanipeleka Jambiani ikanirudisha na cherehani

Mimi ni mgumu, kwa msiojua lugha ya Moshi mgumu ni mpagazi wa mlima Kilimanjaro, yule anayebeba kilo zake 20 mpaka kambini. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni trip juu ya trip, Desemba kuna mtiririko mwingine, halafu masika ikishika, Aprili na Mei, kunakauka kabisa, ndo lo sizoni yenyewe. Mlima haufungwi ila nani alipe hela yote ile akaogelee tope la njia ya Machame na kilele cha Kibo chenyewe asikione?

Miaka yote nilikuwa nakaa Majengo nacheza drafti na kukopa dukani. Sasa 2022 nikajifanya mjanja. Mtoto wa mamdogo yuko hotelini Jambiani, nkasema si wageni wetu wakishuka mlima wanakimbilia Zanzibar? Nikapanda basi mpaka Dar, nikavuka na boti.

Kufika hamna mtu. Yaani sikuwa nimewaza kitu kidogo tu, kwamba mgeni ni yule yule, asipopanda kwetu na kule hafiki, na mvua ni hiyo hiyo. Hoteli imefungwa, dogo kapewa likizo bila mshahara, wauza vinyago wamefunika meza na turubai, dereva teksi kalala ndani ya gari. Waliokuwa na shughuli ni wakina mama wa mwani tu, maji yakitoka wanaingia kwenye kamba zao, nao wanalalamika bei.

Nao na mzee mmoja fundi. Ngalawa za kutembeza wageni zote zimepandishwa juu, yeye anazunguka na nyundo na pamba anakalafati, yaani anaziba nyufa, moja baada ya nyingine. Nikamwamkia, nikampa pole ya lo sizoni. Akacheka, "Pole ya nini mwanangu, vyombo viko juu, hapa ndo mie nnakula. Wageni wakirudi vyote viko maji, nnalala."

Nilikaa wiki mbili kwa aibu tu ya kurudi. Kwenye basi, nadhani tulikuwa Korogwe, ikanijia: mahema! Sizoni ikiisha stoo za makampuni zimejaa mahema yaliyokufa zipu, sakafu zinavuja, na mwezi wa sita yanatakiwa yote kwa mpigo.

Mama ana cherehani ya kukanyaga. Nikaenda soko la Memorial nikanunua mabegi ya mitumba yaliyochoka nikayachinja kupata zipu na vitambaa vigumu, sindano nikavunja kama nne siku ya kwanza mpaka fundi mabegi mmoja akanionea huruma akanionyesha ya kutumia. Hema la kwanza zipu niliishona nje ndani, mgeni angejifungia asitoke, wenzangu walicheka wiki nzima. Kampuni moja ilinizungusha hela yangu mpaka Agosti, tangu hapo nusu mkononi ndo nashika mkasi.

Utajiri hamna, ila dukani sidaiwi na ada ya Mei imetoka humo.

Mlimani bado napanda. Tatizo jipya ni kambi ya Barafu, usiku wa kwenda kileleni, upepo unapiga, nimelala nasikia mgeni anavuta zipu hema la jirani, inakwama kidogo, anavuta tena, mimi huku nimeshika roho mpaka isikike imefika mwisho.